Maji ya madini hutoka wapi, na ni nani huyasafisha?

Swali la msomaji: "Nimezoea kununua maji ya chupa yaliyoandikwa 'maji asilia ya madini'. Chupa inasema yametoka chini ya ardhi na hayajatiwa dawa. Najiuliza: ardhini si ndiko kwenye matope, mizizi inayooza na mashimo ya vyoo? Yanatokaje safi huko? Hayo madini ni ya kweli au hutiwa kiwandani? Na kama maji yamekaa chini miaka mingi bila kuharibika, kwa nini chupa iwe na tarehe ya mwisho?"

Jibu la mtaalamu wa maji ya ardhini:

Ndugu msomaji, nianze na hofu yako ya matope, kwa sababu ndiyo hofu ya watu wengi na ina msingi. Maji hayo yalianza kama mvua au theluji, kama maji mengine yote. Tone la mvua halina madini ya kutajika. Likianguka juu ya kilima chenye miti au nyasi, sehemu yake hurudi angani kwa jua, sehemu hunyonywa na mizizi, sehemu hutiririka kwenda mtoni, na kinachosalia huzama polepole. Hicho kilichozama ndicho tunachokizungumzia hapa.

Mita ya kwanza ya udongo, hiyo hiyo unayoiogopa, ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Imejaa viumbe wadogo wasiohesabika ambao chakula chao ni uozo. Jani lililooza au kinyesi cha mnyama, chochote chenye asili ya uhai kinachobebwa na maji, humeng'enywa hapo hadi kubaki chumvi rahisi na hewa ya kaboni dioksidi. Udongo wenye afya ni hai, na uhai huo hula uchafu. Ukiukwangua wote na kuacha mwamba mtupu, maji huzama bila kupitia kwa wafanyakazi hao.

Chini ya hapo kuna mchanga, changarawe, udongo wa mfinyanzi au mwamba wenye vitundu. Watu hudhani ardhi huchuja maji kama chekeche linavyochuja unga. Si hivyo tu. Bakteria wa tumboni ana urefu wa mikroni 1 au 2, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nafasi kati ya chembe za mchanga wa kawaida ni kubwa kuliko yeye mara nyingi. Virusi ni wadogo zaidi, takribani nanomita 20 hadi 100. Ingekuwa suala la matundu peke yake, wangepita wote. Kinachowakamata ni kunata: chembe za mfinyanzi na mchanga wenye ganda la kutu ya chuma huvuta vijidudu na kuvishikilia, kama vumbi linavyoshika kwenye nguo ya sufi. Vikishanata, vinakabiliwa na baridi, giza na njaa. Vijidudu vinavyotuuguza matumbo vimezoea joto la mwili na chakula tele, na huko chini hakuna joto hilo wala chakula hicho. Wengine huliwa na viumbe wakubwa kidogo, wengine hufa wenyewe.

Kwa hiyo ardhi husafisha kwa muda zaidi kuliko inavyosafisha kwa matundu. Hata sheria zimelizingatia jambo hili: nchini Ujerumani, eneo la ndani la ulinzi wa kisima cha maji ya kunywa hupimwa kwa siku. Mstari huwekwa mahali ambapo maji yangehitaji siku 50 kukifikia kisima, kwa sababu kipindi hicho hutosha kuua vijidudu vingi vya maradhi. Maji ya madini huwa yamekaa chini muda mrefu zaidi ya huo, mara nyingi miaka.

Na ni muda kweli, maana maji ya ardhini hayakimbii. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeujengea mji wa Dijon mfumo wake wa maji, alijaza mchanga kwenye bomba lililosimama wima, akapitisha maji na kupima. Mwaka 1856 alichapisha kanuni ambayo sisi wa fani hii tunaitumia hadi leo: kasi hutegemea tofauti ya msukumo wa maji kati ya sehemu mbili na jinsi tabaka lenyewe linavyopitisha maji. Katika mchanga, mwendo wa mita moja kwa siku ni wa haraka. Katika mfinyanzi maji husogea kidogo mno hata tunauhesabu kama ukuta.

Ukuta huo ni muhimu kupita maelezo. Chemchemi nzuri za madini mara nyingi hutoka kwenye tabaka la mchanga au mwamba lililofunikwa kwa juu na tabaka nene la mfinyanzi. Mvua huingilia mbali, mlimani, ambako tabaka lenye maji limejitokeza juu ya ardhi. Kisha maji hushuka chini ya kifuniko cha mfinyanzi na kusafiri yakiwa yamebanwa, hadi yapate ufa au tundu la kisima. Shimo la choo lililo juu ya mfinyanzi huo haliyafikii. Tena, kwa kuwa maji yamebanwa, yana msukumo wa kwenda juu, na uchafu haushuki kirahisi dhidi ya msukumo huo. Maji ya Evian ya Ufaransa, kwa mfano, huanzia kwenye mvua na theluji za uwanda ulio juu ya mji wa Evian-les-Bains, kusini mwa Ziwa Geneva. Hupita kwenye mchanga ulioachwa na barafu za kale, katikati ya matabaka ya mfinyanzi, na safari huchukua angalau miaka 15.

Unaweza kuuliza hiyo miaka tunaijuaje. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliijaza anga haidrojeni yenye mionzi iitwayo tritiamu, na kilele chake kilikuwa mwaka 1963. Iliingia kwenye mvua ya dunia nzima. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo ukiipima kwenye maji ya chemchemi unapata fununu ya wakati maji hayo yalipokuwa mvua. Maji yasiyo nayo kabisa yalizama kabla ya mabomu hayo. Kwa maji ya kale zaidi tunatumia kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua taratibu, ileile inayotumiwa na wachimbua mambo ya kale. Na uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi hutuonyesha mvua ilinyesha kwenye mwinuko gani, maana mvua ya mlimani haifanani na ya bondeni. Kila ninapoyapata majibu hayo kutoka maabara huwa najisikia nimesomewa wasifu wa tone moja la maji.

Sasa madini. Ni ya kweli, na hayatiwi. Nimesema udongo umejaa kaboni dioksidi, inayotolewa na mizizi na viumbe vinavyopumua. Maji yakipita hapo huibeba na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo hula mawe. Yakikutana na mawe ya chokaa huyeyusha kalsiamu na bikaboneti. Yakikutana na dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, hupata na magnesiamu. Jasi, jiwe laini linalotengenezewa plasta, hutoa kalsiamu na salfeti. Miamba ya volkano, ambayo huyeyuka kwa shida, hutoa silika na madini machache mengine.

Soma chupa mbili kwa pamoja uone. Evian huonyesha kalsiamu miligramu 80 hivi kwa lita, kwa sababu mchanga wake una chokaa. Volvic, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Auvergne huko huko Ufaransa, ina kalsiamu 12 hivi tu. Contrex, inayopita kwenye jasi, ina zaidi ya 400, na ladha yake utaitambua ukiwa umefumba macho. Zote ni maji asilia ya madini, na hakuna iliyo halisi kuliko nyingine. Miamba ndiyo inayotofautiana.

Ukitaka kuyaona madini kwa macho, weka tone moja la maji hayo kwenye kioo safi na ulisahau hadi likauke. Duara jeupe linalobaki, lenye ukingo mzito na katikati nyembamba, ndiyo hayo. Maabara hufanya vivyo hivyo kwa ustadi zaidi: hukausha kiasi kinachojulikana kwenye nyuzi 180 na kupima mabaki. Namba hiyo kwenye chupa nyingi za Ulaya huitwa mabaki makavu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, yasiyozidi miligramu 50 kwa lita huitwa maji yenye madini machache sana, yasiyozidi 500 ni yenye madini machache, na yanayopita 1,500 ni yenye madini mengi. Marekani ina njia yake: maji hayawezi kuitwa ya madini kama hayana angalau miligramu 250 kwa lita, na ni lazima ziwe zimetoka kwenye chanzo chenyewe.

Yale yenye gesi kwa asili hupatikana zaidi kwenye nchi za volkano. Huko Gerolstein, katika milima ya Eifel nchini Ujerumani, kaboni dioksidi hupanda kutoka kwenye mwamba moto ulio chini sana, hukutana na maji na kuyafanya makali, na ukali huo hukwangua dolomiti kwa nguvu. Ndiyo maana maji ya huko yana madini kama gramu 2.5 kwa lita.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Mwamba uleule unaotoa kalsiamu unaweza kutoa sumu. Huko Bangladesh, visima vingi vilichimbwa ili watu waachane na maji machafu ya madimbwi, na maji yake yalikuwa hayana vijidudu vya kutisha, lakini yalikuwa na aseniki iliyotoka kwenye mashapo yenyewe. Mamilioni ya watu waliinywa kabla haijagunduliwa. Floraidi pia, ambayo hupatikana kwa wingi kwenye maeneo ya volkano, ikizidi huharibu meno na mifupa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita kwa floraidi, na mikrogramu 10 kwa aseniki. Neno "asilia" halitoshi peke yake. Chanzo cha maji ya madini hukubaliwa baada ya kupimwa kwa muda, majira baada ya majira, hadi ionekane kwamba mchanganyiko wake haubadiliki.

Kutobadilika ndiyo ishara tunayoiamini kuliko zote. Nakumbuka kisima kimoja nilichoitwa kukikagua. Mwenye nacho aliniambia maji yake hayajawahi kumletea shida. Niliweka kipimajoto na kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho husema madini ni mengi au machache, nikawa narudi kusoma. Wiki mbili namba zilisimama pale pale, kama saa iliyokufa, na kwa kisima hiyo ni sifa. Ikaja mvua kubwa usiku mmoja. Asubuhi joto la maji lilikuwa limepanda kidogo na upitishaji umeme umeshuka. Hakuna mtu angeyatambua kwa ulimi, na kwenye glasi yalikuwa yanang'aa. Lakini tabaka la chini halijui kama jana kulinyesha. Kama kisima kinajua, basi kuna njia ya mkato. Tulipofukua kuzunguka bomba tulikuta saruji ya kuzibia imepasuka upande mmoja, ufa ambao ungepitisha ukucha, na maji ya juu yalikuwa yakiteremka kando ya bomba moja kwa moja. Miaka ya kusafishwa na ardhi ilikuwa inachanganywa na maji ya jana.

Ndiyo maana kichwa cha kisima hujengwa kama mlango wa benki. Bomba hushushwa hadi kwenye tabaka lenye maji, na nafasi kati ya bomba na udongo hujazwa saruji au mfinyanzi unaovimba, ili tabaka la juu lisiwasiliane na la chini. Juu hujengwa kibanda kinachofungwa, sakafu yake imeinuliwa na ina mteremko wa kutoa maji nje. Kutoka hapo maji huingia kwenye mabomba ya chuma kisichopata kutu hadi kwenye mashine ya kujazia, bila kuonana na hewa ya nje. Kanuni ya Ulaya hairuhusu kuyasafirisha kwa malori na kuyajaza kwingine, yanajazwa chanzoni.

Mawe ya chokaa yenye mapango nayo yananitia hofu. Humo maji hayachujwi, yanakimbia kwenye mahandaki, wakati mwingine kilomita kwa siku. Chemchemi inayobubujika kwa uzuri chini ya jabali la chokaa inaweza kuwa ni mto tu uliojificha. Usinywe kwa sababu ni baridi na inameta.

Kuna aina ya uchafu ambao ardhi haiuwezi, nao ndio unaonikosesha usingizi. Naitreti ya mbolea haina kitu cha kunata, hupita na maji. Viuatilifu vingi vya shambani na viyeyushio vya viwandani vinaweza kupita vilevile. Vikishaingia hutoka kwa mwendo uleule wa taratibu, maana yake kosa la leo hulipwa na watu wa miaka 20 ijayo. Huko Vittel, mashariki mwa Ufaransa, wenye chemchemi waliona miaka ya 1980 kwamba naitreti inaanza kupanda. Kusubiri kulikuwa na maana ya kuipoteza hadhi ya maji yao, kwa sababu maji ya madini hayaruhusiwi kusafishwa kwa mitambo kama ya mjini. Walikaa na wakulima walio juu ya tabaka, pamoja na watafiti wa kilimo wa nchi hiyo, na kukubaliana: wakulima waache mahindi na kemikali, wafuge kwenye majani, kinyesi kiozeshwe vizuri kabla ya kurudi shambani, nao wafidiwe na kusaidiwa kwa mikataba ya muda mrefu. Kampuni ilinunua na ardhi ikawaachia waitumie kwa masharti hayo. Naupenda mfano huo kuliko mwingine wowote, kwa sababu walikubali kwamba mtambo wao wa kusafishia maji ni shamba la jirani.

Kuhusu kutotiwa dawa: ndiyo, kwa Ulaya ni sheria. Maji asilia ya madini hayaruhusiwi kuuliwa vijidudu kwa klorini wala kwa taa za urujuanimno. Yanaruhusiwa kutuamishwa au kuchujwa ili chuma na salfa vitoke, kutolewa manganizi na aseniki kwa hewa yenye ozoni, na kuondolewa au kuongezwa gesi ya kaboni dioksidi. Sheria hiyo huvunjwa pia: mwaka 2024 kampuni ya Nestlé Waters ilikiri nchini Ufaransa kwamba ilitumia taa hizo na vichujio vya mkaa kwenye baadhi ya maji yake. Na kiwanda chenyewe kinaweza kuchafua maji yaliyotoka safi. Mwaka 1990 Perrier, kampuni ya Kifaransa ya maji yenye gesi, iliziondoa sokoni chupa kama milioni 160 baada ya maabara ya Marekani kukuta kemikali ya benzini ndani yake. Maji hayakuwa na kosa. Benzini ilitoka kwenye gesi, ambayo vichujio vyake havikubadilishwa kwa wakati.

Angalia pia jina kwenye chupa. "Maji ya kunywa yaliyosafishwa" ni bidhaa nyingine. Yanaweza kuwa yametoka kwenye bomba la mji, yakapitishwa kwenye vichujio vinavyotoa karibu kila kitu, kisha yakarudishiwa madini kidogo kwa ladha. Ni halali na ni salama yakitengenezwa vizuri. Huko ndiko madini hutiwa kiwandani, na nadhani ndicho kilichokutia shaka.

Tarehe ya mwisho, sasa. Kwanza ujue kwamba maji ya madini si maji yaliyouliwa vijidudu vyote. Yana bakteria wake wachache wa ardhini, wasio na madhara, waliozoea kuishi kwa karibu na chochote. Maji yakiingia kwenye chupa bakteria hao huzaliana kwa siku kadhaa halafu hutulia. Kwa hiyo kipimo cha Ulaya cha jumla ya bakteria hufanywa ndani ya saa 12 baada ya kujazwa, wakati hesabu bado inaeleza habari za chanzo. Wale wa kinyesi hawaruhusiwi hata mmoja katika mililita 250, siku yoyote.

Kinachochakaa ni chupa. Plastiki hupitisha gesi kidogo kidogo, hivyo maji yenye gesi hupoteza gesi yake, na harufu ya kitu kilichowekwa karibu, kama petroli au sabuni, huweza kuingia. Plastiki yenyewe hutoa asetaldehaidi, ambayo kwa kiasi kidogo sana huyapa maji ladha tamu ya ajabu, na joto huharakisha mambo hayo yote. Chupa ya kioo iliyofungwa gizani haina tabu hizo. Ya plastiki iweke mahali penye kivuli, mbali na rangi na mafuta, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Ukishaifungua, hesabu ya miaka ya mwambani imekwisha: mkono na mdomo wako vimeshaongeza bakteria wao. Mimina kwenye glasi badala ya kunywea chupani, funga, weka kwenye friji, na uimalize ndani ya siku mbili tatu.